Sifuri ya Pili

Swansea, Novemba. Mvua haina haraka,
inanyesha kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.
Maabara yetu iko juu ya duka la mazulia,
na dirisha langu linautazama mto Tawe
ambao zamani walimwagia makapi ya shaba na zinki
mpaka samaki wakahama.

Mezani pangu kuna vali, ukubwa wake ngumi ya mtoto.
Matundu sita. Kila tundu lina majirani wawili,
lakini husemezana na mmoja tu kwa wakati.

Geuza kushoto: sampuli inaingia kitanzini,
inakizunguka, inakijaza, iliyozidi inaishia ndooni,
na maji ya kubebea yanajipitia pembeni
kama mgeni asiyetaka kuingilia ugomvi wa nyumba.
Geuza kulia, nyuzi sitini, tak!
Majirani wamebadilishana.
Sasa maji ya kubebea yanapita mle kitanzini,
yanasukuma mikrolita hamsini, si zaidi, si pungufu,
yanakutana njiani na dawa ya rangi ya chungwa,
na kama mna zinki, chungwa linageuka buluu,
kalamu inapanda mlima, inashuka mlima.

Kujaza, kudunga. Kujaza, kudunga.
Kwetu Korogwe kudunga ni sindano na kilio cha mtoto;
hapa ni tone linalopelekwa kutoa ushahidi.
Meirion, wa meza ya pili, ana vali mbili za njia nne
alizoziunga kwa mpira, anaapa zinaishinda yangu.
Mwaka wa tatu huu tunabishana.

Jumanne zililetwa chupa kumi na mbili
za kijito kinachopita nyuma ya zizi la Bleddyn Howells,
ambaye wanakondoo wake wameanza kuchechemea.
Chupa ya kwanza: mstari umelala.
Ya pili, umelala.
Hadi ya kumi na mbili, mstari tambarare kama sakafu.
"Habari njema," akasema Gwenllian, "tumwandikie,"
na kofia ya kalamu yake ilikwisha kufunguliwa.

Baba alikuwa mpimaji wa mkonge.
Kila asubuhi, kabla ya mzigo wa mtu yeyote,
aliyapandisha mawe yake ya kilo juu ya mizani.
Mizani isiyopimwa, alisema, ni mwizi mwenye adabu.

Nikasema, ngojeni.
Nikatwaa chupa niliyoitia zinki kwa mkono wangu,
kiasi nakijua, asubuhi ilipanda mlima vizuri.
Nikajaza. Nikadunga. Tak.
Mstari umelala.

Skrubu, ndogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa imelegea.
Mpini uligeuka, moyo wa vali haukugeuka.
Mlio tuliusikia, na mlio ukatutosha.
Mchana kutwa kijito cha Bleddyn kilikwenda ndooni
bila kuulizwa hata jina,
na kigunduzi, kikitazama maji matupu,
kikasema kwa uaminifu wake wote: sifuri.

Ipo sifuri ya maji safi.
Ipo na sifuri ya mlango ambao haukufunguka.
Kwenye karatasi ni mapacha,
hata mama yao angewakosea.

Nikaikaza. Saa mbili usiku tukaanza upya.
Chupa ya nne ikapanda.
Ya tano ikapanda zaidi.
Ya saba kalamu ikagonga ukingo wa karatasi, ikabaki pale, ikitetemeka.
Meirion hakuzitaja vali zake.
Alileta chai, akaiweka mbali na waya.

Gwenllian aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.
Nikapiga. Iliita mara sita.
"Halo?" akasema Bleddyn,
na nyuma ya sauti yake kondoo mmoja alilia.